Picha ya Ubongo Kabla ya Kaburi

Katika kata ya Kiongoroni, ambako mto Rufiji hugawanyika mikono mingi kabla ya kuonana na bahari, na ambako mikoko, minazi na mashamba ya mpunga yamezungukwa na maji kila upande, mtoto akifariki alfajiri aghalabu jua la alasiri halimkuti juu ya ardhi: huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kuzikwa, na waliokwenda kuchimba kaburi hurudi na kunawa mikono kabla habari ya msiba haijafika ng'ambo ya pili ya mto. Desturi hiyo ni njema, ina asili yake katika dini na katika joto la nchi, na hapana mwenye akili anayeilaumu. Walakini mtu ambaye riziki yake ni kusoma picha za vichwa vya watoto hawezi kuitazama bila kujiuliza: katika watoto hao waliofukiwa kwa haraka ya ibada, ambao sababu ya mauti yao ilitajwa kwa neno moja tu, homa, au degedege, au kuanguka, ni wangapi waliouawa kwa mkono wa mtu, na ni wazazi wangapi wanaosengenywa hata leo kwa kifo ambacho hawakukisababisha?

Maswali hayo mawili nayataja pamoja kwa makusudi. Elimu ya kupiga picha ubongo wa marehemu, ambayo sasa imeenea katika nchi za Ulaya, Asia na Marekani, imesifiwa zaidi kwa kuwafichua wakatili, ilhali thamani yake kwa asiye na hatia ni kubwa vilevile. Na pwani yetu ikiichukua elimu hiyo kwa nusu moja tu, nusu ya kushitaki, itakuwa imenunua dhulma kwa bei ya mashine.

Rufiji si nchi isiyojua kuwauliza walio hai habari za wafu wao. Mwaka 1998, chini ya mradi wa afya uliojulikana kwa jina la TEHIP, ulianzishwa huko utaratibu wa kuandika kila kizazi, kila kifo na kila anayehama katika vijiji vya Ikwiriri, Kibiti na jirani zake, kazi ambayo baadaye ilishikwa na Taasisi ya Afya ya Ifakara. Kwa kuwa wengi wa marehemu walifia nyumbani, mbali na daktari, sababu ya kifo ilitafutwa kwa mahojiano: matanga yakishapita, mdodosi hufika, huvua viatu, huketi mkekani na mama wa marehemu, na kwa upole huuliza kama mtoto alikuwa na homa na kwa siku ngapi, kama shingo ilikaza, kama alitapika, kama alipatwa na degedege, kama utosi ulivimba au ulibonyea, kama aliumia popote kabla ya kuugua. Majibu husomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake, na wakihitilafiana husomwa na wa tatu. Kwa njia hiyo halmashauri iliweza kujua maradhi gani yanamaliza watu wake na fedha zielekezwe wapi, na mimi sijui njia nyingine ambayo ingaliweza kufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kama ile.

Lakini njia hiyo ina kasoro moja ambayo kwa malaria au kuhara si kitu, na kwa jeraha la kichwa ni kila kitu: shahidi ni mwenye nyumba. Aliyemtikisa mtoto kwa hasira hata akazimia, au aliyembamiza ukutani, ndiye anayeketi mkekani na kujibu. Naye, hata asipokusudia kusema uwongo, ana neno tayari la kumsitiri, kwa sababu ubongo uliojeruhiwa hutetemesha viungo, hugeuza macho na kukaza shingo vilevile kama ubongo uliopatwa na malaria kali, na majirani watakaoitwa kushuhudia wataona degedege, kwa kuwa ndiyo waliyoizoea tangu enzi za mababu. Uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika Tanzania mwaka 2009, ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Haihitaji hesabu kubwa kufahamu kuwa miongoni mwa mikono hiyo mingi imo iliyopita mpaka, na kwamba iliyopita mpaka kwa mtoto asiyeweza kusema imefichika kuliko yote.

Elimu ya kuyatambua majeraha ya namna hiyo ina nasaba ndefu. Mwaka 1860 tabibu wa mahakama wa Paris, Ambroise Tardieu, aliandika habari za watoto walioteswa na wazee wao wenyewe, na dunia haikumsikiliza. Mwaka 1946 John Caffey, daktari wa eksirei wa New York, aliwaeleza watoto 6 waliokuwa na damu iliyovilia chini ya utando mgumu wa ubongo, na pamoja nayo mifupa mirefu iliyovunjika ambayo hapana aliyeweza kuitolea maelezo. Mwaka 1962 C. Henry Kempe na wenzake huko Denver wakaupa uovu huo jina lililofika hadi mabungeni; na mwaka 1971 Norman Guthkelch, mpasuaji wa ubongo katika mji wa Hull, Uingereza, akatoa rai kwamba huenda mtoto mchanga akavuja damu kichwani kwa kutikiswa tu, pasipo alama yoyote ya pigo kwa nje. Rai hiyo, ambayo mwenyewe aliitoa kwa hadhari, baada ya muda iligeuka kanuni: mtoto mwenye damu chini ya utando mgumu, damu katika retina ya jicho, na ubongo uliovimba, ametikiswa, na aliyemtikisa ni yule aliyekuwa naye mara ya mwisho alipokuwa mzima.

Kanuni ya dalili tatu ilijaza magereza kabla haijatiwa shaka. Mwaka 1997 huko Massachusetts yaya kijana kutoka Uingereza, Louise Woodward, alitiwa hatiani kwa kumuua mtoto aliyekuwa akimlea, kisha siku chache baadaye jaji akalipunguza kosa na kumwachia kwa siku 279 alizokwisha kukaa rumande. Mwaka 2001 Jennian Geddes, daktari wa patholojia wa London, alionyesha kwa darubini kwamba bongo za wengi wa watoto waliodhaniwa kuchanwa na mtikiso zilikuwa zimeharibika kwa kukosa hewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilizipitia hukumu nne za namna hii: mbili ikazifuta, moja ikaipunguza kutoka mauaji ya kukusudia hadi yasiyo ya kukusudia, na moja ikaiacha kama ilivyo. Huko Ontario, Kanada, kazi ya daktari mmoja mashuhuri, Charles Smith, ilipopitiwa upya katika kesi 45 za vifo vya watoto, kasoro zilionekana katika 20, na ripoti ya jaji Goudge ya mwaka 2008 ikaeleza jinsi mahakama zilivyomwamini mtu asiyekuwa na mafunzo ya kazi aliyoifanya. Mwaka 2016 taasisi ya Sweden inayopima ushahidi wa tiba ilizichambua tafiti 30 zilizostahili kusomwa, ikakuta 2 tu zenye ubora wa wastani na hapana hata moja yenye ubora wa juu. Vyama vya madaktari wa watoto na wa radiolojia vilijibu mwaka 2018 kwamba jeraha la kichwa kwa ukatili ni jambo la yakini, na kwamba hapana daktari wa kweli anayelithibitisha kwa dalili tatu pekee. Naona pande zote mbili zina sehemu ya haki, lakini ninamheshimu zaidi Guthkelch, ambaye katika uzee wake, mwaka 2012, aliandika kuonya dhidi ya namna rai yake ilivyotumiwa kuwafunga watu.

Sasa na tutazame picha yenyewe. Mashine ya CT, ambayo ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza huko London tarehe 1 Oktoba 1971, huukata mwili kwa miali bila kuugusa kwa kisu. Na mwishoni mwa karne iliyopita madaktari wa Bern, Uswisi, Michael Thali akiwa miongoni mwao, waliigeuza kuwa chombo cha kuchunguzia maiti kwa utaratibu. Katika kichwa cha mtoto CT ni bingwa wa mifupa: huonyesha ufa wa fuvu ambao kidole cha mpasuaji hakiusikii, huonyesha mbavu zilizovunjika nyuma, karibu na uti wa mgongo, mahali ambapo kuanguka hakuvunji kwa wepesi bali kubanwa kifua kwa mikono miwili, na huonyesha kama mfupa umeanza kuunga, jambo ambalo huchukua wiki moja hadi mbili au zaidi, na ambalo humwambia hakimu kuwa jeraha la leo lilitanguliwa na jingine. MRI, isiyotumia miali, hushinda katika nyama laini: mishipa, uti wa mgongo, michubuko ya ubongo wenyewe. Fauka ya hayo kuna fadhila ambayo wasio wa kazi hii hawaifahamu. Ubongo wa mtoto mchanga ni laini mno, na saa chache za joto huufanya uji. Mpasuaji akilifungua fuvu, vile vishipa vyembamba vinavyotoka juu ya ubongo kwenda kwenye utando mgumu hukatika kwa tendo lile lile la kufungua, na baadaye hapana awezaye kuapa kama vilikatwa na mwuaji au na msumeno. Picha iliyopigwa kabla ya kufungua huvikuta vikiwa mahali pake.

Hapa ndipo wengi husita kusoma na kuanza kuagiza mashine. Wastahimili kidogo. Kusoma picha ya maiti ni kama kazi ya mvuvi anayeyatazama matope maji yakishakupwa: nyayo ameziona, lakini si zote za usiku ule, na nyingine ni za maji yenyewe. Damu ya marehemu aliyelazwa chali huteremka kisogoni, ikajaa katika njia za vena na kung'aa kwenye CT hata ikafanana na damu iliyovuja. Ubongo wa kila maiti huonekana umevimba na mpaka kati ya rangi ya kijivu na nyeupe hufifia. Hewa ya kuoza huingia mishipani mapema sana katika joto letu. Maungio ya mifupa ya fuvu la mtoto, ambayo bado hayajashikana, na yale ya ziada ambayo baadhi ya watoto huzaliwa nayo, hudhaniwa nyufa na asiye mzoefu. Na ishara za MRI hubadilika kwa ubaridi wa jokofu, hata maji yanayouzunguka ubongo yakaonekana kuwa kitu kingine. Daktari anayesoma vichwa vya walio hai kila siku, hodari na msomi, akipewa kichwa cha maiti bila mafunzo zaidi ataona uovu pasipo uovu. Na zaidi ya yote, umri wa damu iliyovilia hausomeki kwa weupe na weusi wa picha kwa uhakika ambao mahakama inautaka. Anayesema mbele ya hakimu kwamba damu hii ni ya Jumanne jioni na si ya Jumatatu asubuhi anasema asiyoyajua.

Wanaotaka picha ichukue nafasi ya kisu hunukuu utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2013 katika jarida la Lancet, ambao katika maiti 400 uliafikiana na upasuaji kamili katika 357. Ni hesabu nzuri. Ila 277 katika hao walikuwa vijusi, na MRI haikusimama peke yake bali pamoja na vipimo vya damu na uchunguzi wa nje wa mwili. Kwa kifo chenye tuhuma ya jinai sioni kwamba picha itaweza kuondoa upasuaji. Kazi yake ni kumwongoza mpasuaji, kumwambia wapi akate na wapi asihangaike, na kubaki kama hati ambayo mtaalamu mwingine, wa upande wa utetezi, anaweza kuisoma tena baada ya miaka 10 wakati mwili umekuwa udongo.

Jambo ambalo limeandikwa kidogo kuliko lote katika vitabu vya Ulaya ndilo kubwa kuliko lote kwetu, nalo ni malaria. Huko Blantyre, Malawi, Terrie Taylor na wenzake walifanya kazi ambayo kila hakimu wa pwani angepaswa kuifahamu. Waliwapasua watoto 31 waliofariki wakiwa na malaria ya ubongo kwa mujibu wa vipimo vya wodini, wakachapisha matokeo mwaka 2004: watoto 7 katika hao walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine kabisa, ijapokuwa damu yao ilikuwa na vimelea. Alama iliyowatenga walio na malaria ya kweli na wasio nayo ilikuwa ndani ya jicho, katika retina: weupe, mishipa iliyobadilika rangi, na madoa ya damu. Kisha, kwa kutumia MRI iliyofika hospitali ya Queen Elizabeth huko Blantyre, walionyesha mwaka 2015 kwamba miongoni mwa watoto 25 waliofariki kwa malaria ya ubongo, 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu siku ya kupokewa.

Msomaji na aziweke habari hizo mbili kando ya kanuni ya dalili tatu. Damu katika retina: malaria inayo. Ubongo uliovimba: malaria inao. Zimebaki dalili moja na mama mmoja, na kama mama huyo ana bahati mbaya ya kuwa na mtoto mwenye selimundu, ambayo katika ukanda wetu si haba na ambayo huweza kuvujisha damu ndani ya fuvu pasipo pigo, au mtoto mchanga aliyekosa vitamini K, au mtoto wa wiki chache tu, basi hata hiyo ya tatu imepatikana. Huko Marekani madaktari waliwapiga MRI watoto 101 waliozaliwa wazima, wasio na dalili ya ugonjwa wowote, wakakuta 46 wana damu kidogo chini ya utando mgumu kwa sababu ya kuzaliwa tu, damu ambayo ilikuwa imetoweka kwa wote kufikia miezi mitatu. Mkunga wa Kiongoroni, aliyemzalisha mama kwa taabu ndani ya mashua maji yakiwa yamekupwa, hataitwa mahakamani kueleza hayo asipoulizwa. Kwa hiyo nasema bila kusita: kuchukua hukumu ya dalili tatu kutoka Uingereza, ambako wenyewe wameanza kuiacha, na kuileta Rufiji, ambako mbu wanazo mbili katika hizo tatu, ni kosa ambalo halitasameheka kwa kisingizio cha kutojua.

Upande wa pili nao una uzito wake, kwani hao hao 7 wa Blantyre wanatufundisha kinyume chake: mtoto mwenye vimelea katika damu si lazima awe ameuawa na vimelea. Katika nchi ambayo watoto wengi hutembea na malaria kidogo mwilini bila kuugua, kipimo chanya cha kidoleni ni pazia zuri kwa mwuaji. Hapo ndipo picha na jicho vinaposaidiana, kwa kuwa ufa wa fuvu haufanywi na mbu, wala mbavu zinazounga hazifanywi na homa.

Liko pia suala la kuanguka, na hapa vitabu vya wageni hutuponza kwa namna nyingine. Wamehesabu, na wamehesabu kwa uangalifu, kwamba mtoto aangukaye kutoka urefu usiofika mita moja na nusu, yaani kitandani au kochini, hufa kwa nadra mno, chini ya mmoja kwa kila watoto milioni wa umri mdogo kwa mwaka. Hata hivyo John Plunkett alikusanya mwaka 2001 habari za vifo 18 vya kuanguka kwa urefu mfupi katika viwanja vya michezo vya Marekani, kuonyesha kuwa nadra si muhali. Mpelelezi aliyesoma hayo akimsikia baba wa Rufiji akisema mtoto ameanguka tu, atamwona mwongo. Lakini na aulize ameanguka kutoka wapi. Msimu wa mpunga familia huhama kijiji na kukaa shambani kuilinda mimea dhidi ya ndege, nguruwe na viboko, na makazi yao ni dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo za miti, ambacho ngazi yake ni boriti chache zilizofungwa kwa kamba na sakafu yake ni fito zilizopangwa zikiwa na nafasi katikati. Mama hupika huko juu, watoto hulala huko juu, na usiku mtoto atambaaye hana ukuta wa kumzuia. Anayeanguka dunguni haanguki kochini. Mpelelezi asiyepima urefu wa dungu lile lile, kwa futi kamba mkononi, na asiyetazama kama chini ni matope ya mpunga au kisiki cha mkoko, hana haki ya kumpa daktari picha ya kusoma, kwa sababu daktari atasoma jeraha na hatajua alilinganishe na nini. (Nazi nayo isidharauliwe: tangu mwaka 1984 madaktari wa Papua New Guinea wameandika jinsi inavyovunja mafuvu ya waliokaa chini ya mnazi, na hapana mtu wa delta aliyehitaji kusoma habari hiyo.)

Kwa wale wanaodhani kuwa mahakama za Afrika Mashariki haziwezi kulishughulikia jeraha la kichwa cha mtoto kwa utimilifu, upo mfano wa Kisumu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Agosti 2017, katika msukosuko wa uchaguzi wa Kenya, askari waliingia katika nyumba moja ya mtaa wa Nyalenda, na mtoto wa kike wa miezi sita, aliyejulikana kwa nchi nzima kwa jina la Baby Pendo, akapigwa kichwani. Alilazwa katika chumba cha mahututi, akafariki tarehe 15. Maiti ilichunguzwa, korti ya uchunguzi wa kifo ikakaa na kusikiliza mashahidi, na Februari 2019 hakimu akawatia lawamani polisi na makamanda wao. Mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaidhinisha mashtaka dhidi ya maofisa 12. Mwendo ulikuwa wa kobe, na wazazi wameteseka kwa kungoja. Lakini angalieni kilichowezesha hata hicho kidogo: mtoto alifika hospitali akiwa hai, jeraha likaandikwa na watu wasiokuwa wa nyumba ile, na mwili haukuzikwa kabla haujachunguzwa. Viondoe vitu hivyo vitatu, na kinachobaki ni neno la mama dhidi ya neno la serikali.

Tanzania inayo sheria. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 inampa korona uwezo wa kuamuru maiti ichunguzwe na daktari pale kifo kinapotia shaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba hapana adhabu inayohesabika kuwa halali kwa mtoto ambaye, kwa uchanga wake, hawezi kuelewa kwa nini anaadhibiwa. Mashine nazo si ndoto tena: tangu mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotangazwa mwaka 2021 kwa ajili ya UVIKO-19, hospitali za rufaa za mikoa zimefungiwa CT, na picha ikishapigwa husafiri kwa intaneti hadi kwa msomaji wa Muhimbili kwa dakika chache. Kilicho haba ni saa zile kati ya roho kutoka na kaburi kufukiwa.

Na katika saa hizo mwenye amri si daktari wala polisi, bali ni shekhe na wazee wa mji. Waislamu wa delta, kama wa kwingineko, wanaamini kwamba mwili wa maiti una hurma ile ile uliyokuwa nayo ulipokuwa hai, na kwamba kuukata pasipo dharura ni kuuvunjia heshima. Maulamaa wengi wameruhusu upasuaji pale haki ya mtu haipatikani ila kwa huo, lakini ruhusa ya kitabuni haiponyi uchungu wa mzazi anayerudishiwa mwanawe akiwa ameshonwa. Picha haina mshono. Katika miji kadhaa ya Uingereza Waislamu na Wayahudi wameomba maiti zao zipigwe CT kwanza, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya huko ikaamua kuwa korona hana budi kuyapima maombi ya namna hiyo kwa uzito. Karibu nasi zaidi, huko Kisumu na Siaya, wazazi wengi waliofiwa wamekubali madaktari wachukue chembe za ogani, ubongo ukiwamo, kwa sindano tu, ili ijulikane kwa nini watoto wa chini ya miaka mitano wanakufa. Wamekubali kwa sababu waliombwa kwa adabu, na watu wanaowajua, mwili ukarejeshwa upesi, na majibu wakaletewa nyumbani. Mahali ambapo askari hufika na bunduki kuzuia jeneza, hapana fatwa itakayosaidia.

Mamlaka za Kibiti, wilaya yenye kata hiyo ya Kiongoroni, basi nazisihi mambo machache yasiyohitaji bajeti ya kutisha. Mtendaji wa kijiji, shekhe na muosha maiti waelezwe mapema, kabla hapajatokea msiba wowote, ni dalili zipi kwa mtoto aliyefariki ghafla zinazodai simu ipigwe kabla ya sanda kufungwa: uvimbe wa fuvu, damu masikioni, michubuko ya umri tofauti, maelezo yanayobadilika. Boti la kumchukua marehemu na jamaa zake wawili lilipwe na serikali, liende na maji na lirudi na maji, ili maziko yasipite siku ya pili. Kila mtoto atakayechunguzwa apigwe picha mwili mzima, si kichwa pekee, achukuliwe damu ya malaria na ya selimundu, na jicho lake litazamwe, kwa kuwa picha ya kichwa bila hivyo vingine itamdanganya msomaji wake. Picha isomwe na wawili, mmoja wao akiwa amefunzwa kusoma maiti, na nakala apewe mshitakiwa bila kuidai. Na waheshimiwa mahakimu, mtaalamu akisimama mbele yenu na kutaja dalili tatu, muulizeni aliondoaje malaria, na mtoto alianguka kutoka dungu la futi ngapi. Akikosa jibu la lolote katika hayo, msimtie mtu hatiani kwa kauli yake.